Unene wa Bi Kubwa

Katika kiwanda cha karatasi alichoingia tangu ndevu hazijamwota, msimamizi wa mtambo wa kukaushia alikuwa na mapenzi mawili, na mkewe aliyajua yote mawili. La kwanza lilikuwa la huyo mkewe. La pili lilikuwa la dramu kubwa ya chuma, pana kuliko sebule yake na ndefu kupita mtu aliyembeba mwenzake mabegani, iliyozunguka mchana kutwa na usiku kucha ikiwa imejaa mvuke tumboni. Karatasi ilikuja mbichi, teketeke kama shuka lililotoka kufuliwa, ikajilaza mgongoni mwa dramu, ikazungushwa, halafu ikabanduka upande wa pili ikiwa kavu, nyeupe, yenye kulia ukiikunja. Wafanyakazi waliiita Bi Kubwa. Naye kwa kuwa ndiye aliyeitunza, wakamwita Mume wa Bi Kubwa, na jina likamganda mpaka getini, ambako walinzi walimsalimia kwalo bila hata kutabasamu.

Hakulichukia. Alipita karibu na Bi Kubwa kila zamu na kumtazama usoni, na ule uso ulikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kujichana nywele mbele yake. Ulaini huo haukuja bure. Kila baada ya muda ngozi ya dramu ilikuwa ikichongwa upya ili mikwaruzo iondoke, na msimamizi alikuwa akisimama hapo tangu jiwe la kuchongea linapogusa mpaka linapoinuliwa, kama mtu aliyempeleka mgonjwa wake kwa daktari asiyemwamini sana. Kuchongwa ndiko kulikompendezesha Bi Kubwa. Kuchongwa huko huko ndiko kulikokuwa kunamla, unywele kwa unywele, na chombo kinachobeba mvuke wa presha hakitakiwi kuliwa mpaka kikabaki ganda.

Ndiyo maana walikuja wakaguzi. Kwa kuwa hakuna awezaye kuikata dramu inayofanya kazi ili aone ina unene gani, walikuja na kipimo kidogo cha mkononi, wakakigusisha juu ya ngozi yake, wakasoma namba. Kitabu cha watengenezaji kilisema kwa presha ile chuma kisishuke chini ya milimita ishirini na nne. Wakaguzi waliopita walisoma ishirini na nane, wakampa msimamizi mkono, wakaenda zao. Naye jioni hiyo alirudi nyumbani akitembea kama aliyeambiwa mama yake ana moyo wa kijana.

Mwaka huu kazi ya ukaguzi ilipewa kampuni nyingine, na meneja ndiye aliyemletea msimamizi habari, huku akijizuia kucheka. Mkaguzi aliyepangwa alikuwa mke wa mwanawe.

Msimamizi alijua mkwewe anafanya kazi ya kupima vyuma. Alikuwa akiwaambia watu hivyo hivyo, "anapimapima vyuma," kisha anageuza mazungumzo, kwa sababu zaidi ya hapo hakujua la kusema. Yeye na mkwewe walikuwa wakiheshimiana kwa mbali. Msichana akija nyumbani anatoa shikamoo, anaulizwa habari za safari, anaingia jikoni kwa mama mkwe wake, na vicheko vinaanzia huko. Sasa huyo huyo angekuja kumkagua mbele ya zamu nzima. Vijana wa karakana hawakumwacha apumue. Walisema Bi Kubwa amepata mkwe, na kwamba mkwe na mavyaa wakikutana chini ya paa moja, mwanamume mwenye busara hutafuta safari.

Siku mtambo ulipozimwa kwa matengenezo, mkaguzi alifika na kisanduku kigumu mkononi, amevaa ovaroli, kofia ngumu na buti zilizokwisha kupigana na sakafu nyingi. Akamfuata msimamizi moja kwa moja, akamwamkia shikamoo Baba mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika. Alipoitikiwa, akafungua kisanduku, na kuanzia hapo akawa mkaguzi. Aliuliza mabomba ya mvuke yanaanzia wapi, na hakuuliza kwa haya.

Alianza na mabomba. Alitoa kipande kidogo cha chuma kilichochongwa kama ngazi, kila kidato na unene wake, akapaka jeli kidogo, akaweka juu yake kidude cha mviringo kama kifungo cha koti, kilichoungwa na kipimo kwa waya. Alihakikisha kipimo kinasema sawasawa na ngazi, kidato cha chini na cha juu, ndipo akaenda kwenye bomba. Msimamizi aliona ni sawa. Walipofika kwenye tangi la dawa, lililotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, mkaguzi akaweka kando ngazi ile, akatoa nyingine, akaanza upya. Kwenye mabomba ya shaba akatoa nyingine tena. Kwenye tangi la plastiki akabadilisha mpaka kidude chenyewe. Kila mahali ni jeli, ngazi, kurekebisha, kuhakiki, ndipo kazi. Jua lilikuwa limepanda madirishani na Bi Kubwa alikuwa hajaguswa.

Msimamizi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akamuuliza kwa upole kwa nini kila saa anarudi mwanzo, na kama kipimo hicho kina ugonjwa wa kusahau.

Mkwewe alicheka kidogo. "Baba, hiki hakijui unene," alisema. "Kinachojua ni muda tu. Kinatuma sauti ndani, sisi hatuisikii, inagonga ukuta wa pili inarudi, chenyewe kinahesabu imekawia kiasi gani. Unene kinaupata kwa sababu mimi nimekiambia sauti inakwenda kasi gani humo ndani. Nikikidanganya, na chenyewe kitanidanganya."

"Kwani sauti si ni sauti?"

"Kwenye chuma cha bomba inakimbia. Kwenye shaba inatembea. Kwenye plastiki inajikokota kama mtoto aliyetumwa dukani."

Msimamizi aliyaonja maneno hayo kimoyomoyo, akayapenda, akaamua kuyatumia siku moja kama yake.

Mwishowe wakafika kwa Bi Kubwa. Mkaguzi alimwekea kiganja, akakuta bado ana joto, akasema wasubiri apoe kwa sababu joto nalo hubadilisha mwendo wa sauti. Walisubiri. Dramu ilipopoa, mkaguzi aligusisha kidude mara moja, akatazama namba iliyokuwa ikichezacheza, akakiondoa. Kisha akauliza dramu imetengenezwa kwa chuma gani.

Hapo msimamizi alikuwa nyumbani. Akaeleza kuwa hiki si chuma cha mabati, ni chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu kikiwa uji mwekundu, na kwamba kiwanda kilichokimimina kilikwisha kufungwa na wazee wake wamezikwa na ujuzi wao. Mkaguzi alisikiliza yote. Kisha akauliza kama wenzake waliotangulia walifungua tena kisanduku walipofika hapa, au walitoka kwenye mabomba wakaja moja kwa moja.

Msimamizi alikumbuka vizuri. Walikuja moja kwa moja. Aliyasema hayo bila kuona yanaelekea wapi, na alipomwona mkwewe amekirudisha kidude kisandukuni, akaanza kuona.

Meneja aliitwa. Mkaguzi akawaeleza wote wawili kwamba sauti ndani ya chuma cha kusubu huenda polepole kuliko ndani ya chuma cha bomba, na kipimo kilichowekwa kwa chuma cha bomba kitauhesabu ule ucheleweshaji kuwa ni unene. Hivyo ile ishirini na nane inaweza kuwa nyingine kabisa. Hakusema ni ngapi. Alisema hataandika namba yoyote mpaka apate kipande cha chuma cha namna hii hii, ambacho unene wake unaweza kupimwa kwa mkono.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye oda za watu na mtambo uliolala. Aliuliza kama hakuna jedwali lenye kasi ya sauti kwa kila chuma, achukue humo wamalize. Mkaguzi akajibu kwamba jedwali lipo, na analo, ila chuma cha kusubu hutofautiana kiwanda kwa kiwanda na hata mmimino kwa mmimino. "Nikichukua ya kwenye jedwali nitakuwa nimekisia," alisema. "Na hiki kikipasuka hakitapasuka kwa kukisia." Hakupandisha sauti wala hakushusha macho. Meneja alimgeukia msimamizi, labda akitumaini baba mkwe atasaidia.

Msimamizi mwenyewe alikuwa amechukia moyoni. Kumshuku Bi Kubwa ilikuwa sawa na kumshuku yeye. Lakini alijua kitu ambacho wengine walikuwa wamekisahau. Zamani kiwanda kilikuwa na mitambo miwili, na dramu ya mtambo wa pili, pacha wa Bi Kubwa, yenye nembo ile ile ya kiwanda kile kile, ilivunjwavunjwa mtambo ulipofungwa. Kipande chake kimoja kilikuwa bado nyuma ya karakana, na mafundi wa kuchomelea walikikalia wakinywa chai. Aliwaambia. Alisema kikatwe asubuhi, kipimwe, na Bi Kubwa asafishwe jina.

Nyumbani jioni ile alikula bila kuongea. Mkewe alipomchokonoa, akamweleza, na akamaliza kwa kusema kwamba huyu binti hana haraka hata kidogo. Mkewe alikusanya sahani. Alisema mke mwenzake amezungushwa miaka yote hiyo bila kuulizwa anajisikiaje, na kama hatimaye amepata mtu wa kumuuliza, basi yeye anaona ni jambo jema.

Asubuhi kipande kilikatwa, kikasawazishwa pande zote mbili mpaka kikang'aa. Mkaguzi alimpa msimamizi venia, ile rula ya mataya inayobana kitu katikati, akamwomba apime yeye. Ikasoma milimita ishirini. Ndipo mkaguzi akakiacha kipimo chake katika kasi ya chuma cha bomba, akapaka jeli, akakigusisha juu ya kipande kile kile mbele ya meneja na mafundi.

Kipimo kikasema ishirini na tano.

Meneja alikichukua kipande, akakigeuza, akakirudisha mezani taratibu kama kitu cha moto. Mkaguzi alibadilisha kidude, akachukua kikubwa zaidi, akieleza kuwa chuma hiki kina chembe ndani zinazoitawanya sauti kama ukungu unavyotawanya mwanga wa taa, kwa hiyo kinahitaji sauti nzito zaidi. Akashusha kasi kidogo kidogo mpaka kipimo kikakubali kwamba ishirini ni ishirini. Akakata kipande kingine chembamba zaidi, akahakiki na hicho. Kisha akatembea kwenda kwa Bi Kubwa, na zamu nzima ikamfuata nyuma kama msafara wa harusi usio na ngoma.

Alipima kwa mistari, kutoka ukingo hadi ukingo, akiweka alama ya chaki kila alipogusa. Katikati palikuwa na ishirini na nne na kidogo. Kila alivyosogea kuelekea ukingo wa kushoto, namba zilishuka. Karibu na mwisho aligusa, akafuta, akapaka jeli upya, akagusa tena. Ishirini na mbili. Akazungushia hapo duara la chaki.

Msimamizi alilitazama lile duara. Kisha akamwambia mkwewe, kwa sauti ambayo hakutaka wengine waisikie, kwamba pacha si mtu mwenyewe. Huenda ule mmimino wa pili ulikuwa tofauti. Alisema kule pembeni, nyuma ya kinga ya mabati, kuna mdomo wa dramu yenyewe uliotokeza, na kinga ikifunguliwa venia inaweza kubana pande zote mbili. Ni mahali padogo, lakini ni chuma cha Bi Kubwa mwenyewe. Tangu aujue mtambo ule hakuwa amewahi kumwonyesha mkaguzi yeyote mahali pale. Alitaka sana mkwewe awe amekosea, na huo ndio ukweli.

Mkaguzi macho yakamng'aa. "Baba, hapo ndipo nilipokuwa napatafuta," alisema. "Kama patanikatalia, nafuta yote naanza upya."

Kinga ilifunguliwa. Mkaguzi alipima kwanza kwa kipimo chake, akamnong'oneza meneja namba aliyoipata, akarudi nyuma. Msimamizi akapiga magoti, akafuta vumbi la karatasi lililoganda pale, akabana venia kwa mikono yake. Alisoma. Akafungua, akabana tena, akasoma tena. Akaitamka namba kwa sauti, na meneja akaitikia kwa kichwa, kwa maana ilikuwa ile ile aliyonong'onezwa, haikupungua wala kuzidi.

Msimamizi aliifuta venia vumbi kwa mkono wa shati lake. Alihisi uchungu, hilo halina mjadala. Ilikuwa kama kuambiwa habari ya mtu wa nyumbani. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine kikipanda, na kilipomfika kifuani kilimjaa mpaka akashindwa kukificha. Aliwaza kwamba binti huyu alikuwa amesimama peke yake katikati ya wanaume wenye haraka, akiwa na kipimo kisichozidi kiganja, akakataa kuandika namba ambayo wote walitaka kuisikia, pamoja na baba mkwe wake. Tena jaribio ambalo lingeweza kumwangusha alilipokea kwa furaha.

Aliinuka, akaenda kwenye valvu kuu ya mvuke, akatoa kufuli yake mfukoni, akaifunga. Meneja alianza kusema jambo. Msimamizi alimgeukia kwa adabu.

"Mvuke haufunguliwi mpaka mkwe wangu aseme," alisema. "Mkaguzi, namaanisha. Lakini hata mkwe wangu pia."

Vijana wa karakana walicheka, na meneja akacheka nao, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona ile ishirini na tano na asingeweza kuisahau. Aliuliza tu kama hakuna njia. Mkaguzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga hesabu zake mara mbili, akawaonyesha. Bi Kubwa hakuwa amekufa. Presha ikishushwa kufikia kiwango alichokitaja, na mtambo ukienda polepole, angeweza kufanya kazi salama mpaka dramu mpya ifike, mradi apimwe mara kwa mara. Meneja alikubali, akaenda kuwapigia simu wenye oda zao na kuwaambia wasubiri. Msimamizi akafungua kufuli na kuufungua mvuke yeye mwenyewe, kidogo, kama mtu anayemmiminia mgonjwa uji.

Miezi ile ya mwendo wa polepole haikumuudhi kama alivyodhani. Mkaguzi alikuwa akija kupima, na siku hizo msimamizi alinyoa ndevu. Walianza kuongea. Aligundua kwamba mkwewe anapenda utani kuliko mwanawe, na kwamba amewahi kupanda matangi ambayo yeye mwenyewe angeyatazama kutoka chini tu. Watu walipomuuliza mke wa mwanawe anafanya kazi gani, hakusema tena kwamba anapimapima. Alivuta kiti. Alianza na sauti inayokimbia, ile inayotembea na ile inayojikokota kama mtoto aliyetumwa dukani, na aliyekuwa na haraka alijuta kuuliza.

Dramu mpya ilipofika, Bi Kubwa alishushwa kwa winchi, na msimamizi akaomba akatwe kwanza pale penye duara la chaki. Mafundi walipomaliza na chuma kupoa, alibana venia kwenye ukingo mbichi wa mkato. Ishirini na mbili. Na kwa ndani, upande ambao hakuna jicho lililowahi kuufikia, palikuwa na mistari myembamba ya nyufa iliyoanza kutambaa, mifupi bado, kama mikunjo pembeni mwa jicho. Meneja alipitisha kidole juu yake, akapauka. Alimtafuta mkaguzi kwa macho, akavua kofia yake ngumu, akampa mkono kwa mikono miwili.

Pamoja na dramu mpya, mkaguzi alikuwa amewataka watengenezaji walete kipande cha mmimino ule ule, kimechongwa kama ngazi na kupigwa mhuri wa unene wake, ili kila atakayekuja kupima asiwe na kisingizio. Msimamizi alikitengenezea rafu ukutani kando ya mtambo, akakizungushia kitambaa safi. Siku moja fundi mmoja aliweka kikombe cha chai juu yake, na maneno aliyoambiwa yalimfanya akinywe kikombe hicho nje.

Wageni wakiletwa kuona kiwanda, meneja huwapitisha hapo kwanza, na huwa ni kosa. Msimamizi hukishusha kipande kwenye rafu, hukifungua kitambaa, huwaambia wakishike waone uzito wake. Huwaeleza kwa nini kipo na ni nani aliyekidai. Huwaambia, "Ni mwanangu, mkaguzi," na wageni wakidhani ni binti wa kumzaa yeye hawasahihishi.